Kabla hamjahamia Mirihi, muulizeni mkunga

Mhariri,

Assalaam alaykum. Wiki tatu zilizopita mlitoa makala ndefu katika ukurasa wa sayansi, pamoja na picha ya mabanda meupe ya duara yaliyokaa juu ya mchanga mwekundu. Mwandishi wenu alieleza kuwa dunia imejaa, ardhi haitoshi, masikini hana pa kukimbilia, na kwamba siku watu watakapohamia sayari ya Mirihi na miji itakayoelea angani, njaa itapungua, msongamano utapungua, na asiyeipenda serikali yake atakwenda kuishi asikotawaliwa na mtu. Mjukuu wangu, yuko kidato cha tatu hapa Wete, aliikata makala hiyo kwa mkasi akaibandika ukutani juu ya kitanda chake, karibu na msumari wa chandarua. Kila nikiingia kumwamsha kwa sala ya alfajiri nayaona hayo mabanda kabla sijamwona yeye. Asubuhi ishirini na moja zimenitosha, nimeona nikuandikieni.

Mie ni mkunga. Nilistaafu mwaka 2013 baada ya miaka thelathini na nne ya kazi, mingi nikiwa katika vituo vya afya vya Pemba, vingine vikiwa vyumba viwili, kisima na mwembe. Watoto niliowapokea sina hesabu yao. Daftari za kazi zilibaki kazini na lile langu mwenyewe lililiwa na mchwa. Ila nikenda sokoni huamkiwa na mabwana wenye ndevu niliowashika mikononi wakiwa na kilo tatu, na wake zao hucheka. Mwandishi wenu amelitumia neno "wingi wa watu" mara nyingi, nami kila nilipolisoma nilikuwa naona nyuso.

Wala msinidhanie kikongwe aliyesikia habari za roketi juzi kwenye simu. Zanzibar na roketi wanajuana zamani. Wamarekani walipotaka kumpeleka mtu wao kuizunguka dunia, walijenga vituo vya kumfuatilia kwa redio sehemu mbalimbali za dunia, na kimoja kilikuwa Unguja, pale Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Februari 20, 1962, Tunguu ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomsikiliza akipita. Katika vituo hivyo walikuwamo madaktari, kazi yao kusoma mapigo ya moyo wake kwenye mitambo. Mjomba wangu alikuwa kibarua pale, anafyeka majani na kubeba mizigo. Nilikuwa na miaka tisa. Alipokuja Pemba kwa Idi alitukalisha ukumbini akatuambia kuwa ndani ya kile chombo mna mtu, haonekani kwa jicho, lakini moyo wake unasikika Tunguu. Mama alimwambia aache uongo mbele ya watoto. Mjini nako walikuwapo waliokuwa wakiandamana na kudai kuwa ile ni kambi ya makombora. Yakaja Mapinduzi ya 1964, kituo kikafungwa, mjomba akarudi kuchuma karafuu kwa pishi kama watu wengine. Mie nilikuja kumkumbuka miaka mingi baadaye, siku ya kwanza nilipofundishwa kuiweka ile pembe ya mbao juu ya tumbo la mama mjamzito na kutega sikio nisikie moyo wa mtoto.

Kwa hiyo siandiki kwa uadui na mambo ya anga. Naandika kwa sababu makala yenu imeahidi mambo matatu, na yote matatu nimeishi nayo.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 iliihesabia Zanzibar watu 1,303,569. Sensa ya 2022 ikatuhesabia 1,889,773. Toa moja katika nyengine, gawa kwa miaka kumi, kisha gawa kwa siku: tuliongezeka kiasi cha watu 160 kila siku. Kama dawa ya wingi wetu ni kuhama, basi kila siku inayokuchwa wapande watu 160, Zanzibar peke yake, ili tubaki vile vile tulivyo. Hatujapungua hata mmoja. Tajiri Elon Musk amekuwa akizungumzia chombo cha kubeba kama watu mia moja. Lakini Mirihi haiendwi kila siku. Sayari hiyo na dunia yetu husogeleana kila baada ya miezi 26 au kama hivyo, na huo ndio msimu wa kuondoka, kama jahazi zilivyokuwa zikingoja kaskazi na kusi. Hivyo watu wetu wangojee msimu. Ukifika, watakuwa zaidi ya laki moja na ishirini elfu, na watahitaji vyombo zaidi ya 1,200 kwa msimu mmoja. Anayejua bandari ya Mkoani inavyokuwa siku mbili kabla ya Idi, kwa meli moja tu ya kwenda Unguja, naomba avute picha.

Hiyo ni Zanzibar. Dunia nzima huongezeka kiasi cha watu milioni 70 kwa mwaka. Na tangu Yuri Gagarin apande mwaka 1961 mpaka leo, wanadamu wote waliowahi kufika angani hawajatimia elfu moja. Naiacha hesabu hapo, kila mtu ana kikokotoo kwenye simu yake.

Mwandishi wenu hakutaja hata mara moja kuwa wingi huo umekwisha kuanza kupunguza kasi bila ya roketi. Katika miaka ya sitini mwanamke wa kawaida duniani alikuwa akizaa watoto watano. Sasa ni wawili na kidogo. Kwetu bado ni zaidi ya hapo, lakini nimeyaona mabadiliko kwa macho yangu ndani ya nyumba moja: mama yangu alizaa tisa tukabaki sita, mie nimezaa watano, binti yangu ana watatu na amesema basi. Hakuna aliyehamia popote. Yeye alisoma skuli mpaka mwisho, watoto wake walichanjwa wakaishi, na akajua kupanga. Kina mama waliokuwa wakiniogopa nikitaja uzazi wa mpango, nilikuwa nawakumbusha kuwa Qur'ani yenyewe imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, basi tuanzie hapo. Wengi tulianzia hapo.

Haya, tuseme wamekwenda. Watazaa vipi?

Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Katika makala nzima yenye ahadi ya mamilioni ya watu, hamna neno "mimba". Mpaka leo hajazaliwa mtoto nje ya dunia hii. Wanaanga wakikaa bila uzito, mifupa yao hupungua kiasi cha asilimia moja au zaidi kila mwezi, ndiyo maana hufanya mazoezi saa mbili kila siku kama watu wa jeshi. Hao ni watu wazima, wamechaguliwa kwa afya zao. Mtoto aliyemo tumboni mifupa yake ndiyo kwanza inajengwa. Huko Mirihi uzito upo, lakini ni kama asilimia 38 ya wa hapa. Mtoto wa kilo tatu, mizani yangu ile ya kuning'iniza ingesoma kilo moja na kidogo, nami kwa mazoea ningemwandika njiti. Tena kuna mionzi. Sisi hapa tunakingwa na hewa iliyo juu yetu na usumaku wa dunia, na njiani kwenda Mirihi hamna hewa wala usumaku huo. Nenda hospitali yoyote yenye chumba cha eksirei uone kilichoandikwa mlangoni: mwanamke mwenye mimba aseme kabla hajaingia. Sisi humzuia asiingie kwa dakika moja, na makala yenu inataka kumpakia kwa miezi sita mpaka tisa.

Nikiwa mkweli, wapo waliolifikiria jambo la uzito. Mwaka 1974 profesa mmoja wa fizikia wa Marekani, Gerard O'Neill, alitoa hoja kuwa miji ijengwe angani kwenyewe, isiwe juu ya sayari, nayo izungushwe ili watu waliomo ndani wakanyage chini kama hapa. Nilifurahi niliposoma kuwa miji hiyo aliipa majina ya Kisiwa cha Kwanza, Kisiwa cha Pili na Kisiwa cha Tatu. Hicho cha tatu, urefu wake kiasi cha kilomita 32, ni kifupi kuliko Pemba, na kingebeba mamilioni. Naye alikuwa akizungumzia hayo hayo ya makala yenu, umasikini na wingi wa watu. Sikumcheka. Mtu anayefikiria visiwa ana heshima yake kwangu. Lakini imepita miaka hamsini na Kisiwa cha Kwanza hakijapigwa hata msumari.

Na kisiwa kilichofungwa pande zote ni kazi nzito kuliko kinavyochorwa. Babu yangu mzaa mama, wa Ole, alipata eka tatu katika ule mgao wa ardhi baada ya Mapinduzi. Ndani ya eka tatu hizo mlikuwa na mikarafuu, minazi, mishelisheli miwili, muhogo, bonde dogo la mpunga, na mbuzi ambao siku zote walikuwa katika muhogo wa jirani. Watu kumi na moja walikula humo. Hawakushiba kila siku, lakini walikula, na chumvi, samaki na mafuta ya taa vilitoka nje. Sasa sikilizeni. Mwaka 1991, katika jimbo la Arizona kule Marekani, watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, walijifungia miaka miwili ndani ya jumba la vioo lililojengwa kwa makusudi, lina msitu wake, shamba lake, hata bahari yake ndogo, ili waone kama watu wanaweza kuishi kwa kinachoota humo humo. Ukubwa wake eka tatu na kidogo! Walikonda kwa njaa. Nyuki walikufa, mende na sisimizi wakastawi. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 21 mpaka kiasi cha 14, watu wakawa wanahema kama wamepanda mlima, na mwisho ikabidi oksijeni ipigwe kutoka nje. Kumbe vijidudu vya kwenye udongo ule wenye rutuba vilikuwa vikiivuta hewa, na zege la jengo nalo likafyonza sehemu yake. Fedha zilikuwapo, wataalamu walikuwapo, jua lilikuwa hili hili, na mlango ulikuwa karibu. Babu yangu hakusoma hata darasa moja, na katika eka tatu zake hapakuwa na aliyewahi kukosa pumzi, kwa kuwa hewa hakuitengeneza yeye.

Tena mmoja wao, siku za mwanzo mwanzo tu, alijikata kidole. Wakamtoa kwenda kupasuliwa hospitali, kisha akarudi ndani. Wengi wakisimulia habari hiyo wanacheka kuwa walivunja masharti. Mie nilipoisoma nilikumbuka usiku mmoja wa mwaka 1987 au 1988.

Nilikuwa peke yangu katika kisiwa kimoja kidogo cha Pemba, nisikitaje, watu wake wapo. Mama mmoja, mimba yake ya sita, alijifungua salama saa nne usiku, mtoto wa kike, analia vizuri. Kisha kondo la nyuma likakataa kutoka na damu ikaanza. Aliyewahi kuiona anajua, haitoki kwa tone. Nilifanya niliyofundishwa. Nilimdunga sindano, nikamtundikia dripu, nikalikanda tumbo, nikaomba Mungu. Nikatuma watu wakatayarishe ngalawa, wakarudi wakasema maji yamekupwa. Ilikuwa bamvua, na bamvua ikitoka pwani ile, unatazama tope mpaka macho yachoke. Ngalawa imelala ubavu kama mnyama.

Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba. Tuliingia topeni, linafika magotini, mizizi ya mikoko inachoma, mie ubavuni, mkono mmoja umelikandamiza tumbo lake na mwengine umeinua chupa ya dripu. Taa ya chemli alikuwa nayo mtoto wa miaka kumi, anatangulia. Nilikuwa nikimwita yule mama kwa jina kila hatua chache, na kila anapochelewa kuitika miguu yangu ilikuwa ikizama zaidi. Tulipoyapata maji, upepo hakuna, shwari, ngalawa ikaenda kwa upondo. Ng'ambo ya pili hapakuwa na gari. Iliyokuwapo ilikuwa imepakia magunia ya karafuu, na mwenyewe, Mungu amrehemu, aliyashusha yote peke yake gizani bila kuuliza nani atalipa. Hospitali, kaka yake alitoa damu, na mmoja wa wale wabebaji akatoa, bado ana tope kiunoni. Mama yule yu hai. Kila Idi hunipigia simu. Yule mtoto wa kike sasa ni mwalimu.

Masafa yote yale hayakufika maili tano. Mama anayetoka damu namna ile anaweza kumaliza safari yake ndani ya saa mbili. Mirihi, ikiwa karibu kabisa nasi, iko kiasi cha kilomita milioni 55, na hata sauti tu ya redio huchukua dakika tatu mpaka zaidi ya ishirini kufika, kutegemea sayari ziko wapi. Ukisema "anatoka damu", usubiri. Jibu likija, ulichokisema kimekwisha kuwa kingine.

Najua nitajibiwa kuwa huko watakuwapo madaktari na mashine. Sawa. Madaktari wangapi? Pemba ina watu zaidi ya nusu milioni, na bado wapo wagonjwa tunaowavusha kwenda Unguja. Unguja nayo ina wa kuwavusha kwenda Dar es Salaam, na Dar es Salaam imepeleka watu wengi India. Hiyo si aibu ya mtu, ndivyo utibabu ulivyo: daktari wa moyo wa watoto anahitaji watoto wengi ili awepo, na mashine yake inahitaji fundi, na fundi anahitaji kiwanda cha vipuri. Mji wa watu elfu kumi peke yao, bila ng'ambo ya kuvukia, ni kituo changu cha vyumba viwili kilichopakwa rangi nyeupe. Mji unaojitosheleza kwa maradhi yake yote unataka watu wengi sana, na ili uwe na watu wengi sana lazima kwanza wazaliwe na wasife. Hapo mduara unafungika, na mwandishi wenu aliuruka.

Juu ya umasikini sina mengi. Mtu wa kwanza kujilipia nauli mwenyewe kwenda kituo cha anga, Mmarekani Dennis Tito, mwaka 2001, inasemekana alitoa dola milioni 20. Roketi za bei nafuu za siku hizi zinatajwa kwa kiasi cha dola 3,000 kwa kila kilo moja ya kuipandisha tu hapo karibu, wala si Mirihi. Dumu la maji ni lita 20, yaani kilo 20, yaani dola 60,000. Katika kituo hicho hata mkojo husafishwa wakaunywa tena, na kwa bei hiyo nawaelewa. Masikini wa Pemba hatakuwa abiria katika safari hiyo. Akipelekwa, atakuwa mfyeka majani, kama mjomba wangu.

Basi lipo hili la uhuru, ambalo ndilo lililomvutia zaidi mjukuu wangu, na umri wake ndio huo.

Baba yangu na ami zangu ni watu wa Kojani, kisiwa kidogo cha hapa Pemba. Watu wa Kojani kazi yao dago: mnaingia chomboni, mnafuata samaki, mnapiga kambi pwani ya watu miezi kadhaa, Mtwara, Kilwa, Mafia, hata Kenya, kisha mnarudi. Ami yangu mmoja alikwenda dago Kenya na hakurudi. Alioa huko, upande wa kaskazini ya Malindi, akajenga. Pale baharini kulikuwa na jukwaa la Wataliani la kurushia roketi, linaitwa San Marco, na Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani ya kutazama mionzi ya eksirei inayotoka katika nyota. Walikipa chombo hicho jina la Kiswahili: Uhuru. Ami alikuwa akisimulia kuwa siku hiyo waliambiwa wasivue karibu, wakakaa pwani wakaangalia moshi.

Uhuru ulipanda juu na namba yake ya usajili. Ami alibaki chini bila kitambulisho. Wapemba wa pwani ya Kenya walikaa miongo mingi hivyo hivyo. Mtu hana leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti benki, laini ya simu anasajiliwa na jirani, na askari akisimama barabarani yeye anapita vichochoroni. Walitambuliwa rasmi kuwa ni jamii ya Kenya Januari 2023. Ami alikuwa ameshakufa. Watoto wake walinitumia picha ya vitambulisho vyao, wamevishika kifuani kama watoto wa skuli siku ya matokeo.

Kwa hiyo nikiambiwa kuwa mtu akihama mbali sana atakuwa huru, nauliza: karatasi zake atapewa na nani? Upo mkataba wa mataifa wa mwaka 1967 kuhusu anga. Unasema hakuna nchi itakayomiliki mwezi wala sayari, na hilo ni zuri. Lakini unasema pia kuwa chombo na watu waliomo hubaki chini ya nchi iliyokisajili, na kampuni binafsi ikenda huko, nchi yake ndiyo itakayojibu. Maana yake serikali utapanda nayo. Na humo ndani, juu ya serikali, atakuwapo bwana mwenye mfereji wa hewa. Nimewahi kuishi katika kisiwa ambacho maji yalikuwa yakiletwa kwa chombo cha mtu mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Lakini katika baraza hakukuwa na aliyembishia, hata alipokuwa akizungumza upuuzi juu ya mpira. Hebu fikirini huyo angekuwa analeta pumzi.

Mhariri, sisemi watu wasende. Naomba tu muliite jambo hilo kwa jina lake, nalo tunalo tayari. Hicho kituo cha kimataifa kinachozunguka juu yetu, chenye watu ndani bila kukatika tangu Novemba 2000, ni dago khasa: wanakwenda kwa zamu, kiasi cha miezi sita, unga na chumvi vinatoka nyumbani, na wanarudi na walichokipata. Wakitaka kuweka dago mwezini, safari ya siku tatu, waweke. Mitambo waliyoirusha inawasaidia wavuvi wetu kujua upepo kabla hawajatoka, na wajukuu zangu wakasomee kuitengeneza, Mungu awajaalie. Ila sijapata kumsikia mtu wa Kojani anayeondoka dago akasema kuwa kwa kuondoka kwake shida za Kojani zimekwisha. Mkewe angemrushia mwiko.

Namuomba mwandishi wenu anijibu hapo hapo kwenye ukurasa wake: nani atakuwa mkunga, na akishindwa atamvusha mgonjwa wapi? Gazeti hunifikia jioni, meli ikichelewa hunifikia kesho yake, kwa hiyo asidhani nimenyamaza.

Barua hii ameichapa mjukuu wangu kwa simu yake. Makala amekataa kuibandua ukutani. Tulipofika hapa aliniuliza mbona sikuandika kuwa na mie ningependa kwenda. Nikamuuliza nani kamwambia maneno hayo. Akasema, "Bibi, umeniuliza mara mbili kama kule wanachukua wazee." Nimemwambia hilo asiliandike.

Mkunga mstaafu,
Wete, Pemba
(Jina langu mnalo)